Hendrick de Keyser: mwashi aliyewajengea Waprotestanti wa Amsterdam makanisa yao

Ukisimama katikati ya mji wa kale wa Amsterdam, nchini Uholanzi, na kuinua macho juu ya mapaa ya nyumba, utaona mnara mmoja uliozidi minara mingine yote ya makanisa ya mji huo. Urefu wake ni karibu mita 85, na kileleni pana taji la kifalme la rangi ya buluu. Huo ni mnara wa Westerkerk, yaani Kanisa la Magharibi. Katika kanisa hilo alizikwa Rembrandt, mchoraji ambaye ulimwengu mzima unamjua. Lakini fundi aliyelibuni kanisa lenyewe hatajwi sana nje ya nchi yake.

Fundi huyo aliitwa Hendrick de Keyser. Hakusomea usanifu wa majengo katika chuo chochote. Alikuwa mtoto wa seremala, akajifunza kazi kwa nyundo na patasi, akaajiriwa na mji kama mwashi na mchongaji wa mawe, na kabla ya kufa aliacha makanisa matatu ambayo mpaka leo yamesimama. Kwa miaka 26 mji wa Amsterdam haukujenga jambo kubwa bila mkono wake kuwamo.

Makala haya yanaeleza maisha na kazi yake. Ila pamoja na habari za mtu, kuna swali linalostahili kufikiriwa na kila jamii yenye nyumba za ibada: watu waliobadili namna yao ya kusali hujengaje mahali papya pa kusalia, na hali hawana mfano wa kuufuata?

Nchi aliyozaliwa

De Keyser alizaliwa mjini Utrecht tarehe 15 Mei 1565. Wakati huo nchi za Uholanzi zilikuwa chini ya Philip wa Pili, mfalme wa Uhispania, Mkatoliki aliyekuwa mkali kwa kila aliyefuata mafundisho mapya ya Uprotestanti. Mtoto akiwa na mwaka mmoja tu, yaani mwaka 1566, makundi ya watu yaliingia makanisani katika miji mingi ya nchi hizo yakavunja sanamu, yakachana picha na kupindua altare. Baada ya hapo vita vya kujikomboa kutoka kwa Uhispania vikaanza, na havikwisha kabisa mpaka mwaka 1648, miaka mingi baada ya De Keyser kuzikwa.

Sisi watu wa Pwani tunamjua mfalme huyu kwa njia nyingine, hata kama jina lake hatulitaji. Kuanzia mwaka 1580 Philip alikuwa mfalme wa Ureno pia, na ni kwa amri ya utawala wake ndipo Wareno walipojenga Fort Jesus hapa Mombasa kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kwa hiyo mwaka 1595, De Keyser alipopewa kazi rasmi mjini Amsterdam, kuta za ngome yetu zilikuwa zinapanda. Mfalme aliyejengewa ngome huku ndiye aliyekuwa akipigwa vita kule.

Amsterdam yenyewe ilichelewa kujiunga na uasi. Tarehe 26 Mei 1578 wakuu wa mji waliokuwa upande wa Wakatoliki waliondolewa madarakani, na Waprotestanti wafuasi wa Calvin wakashika mji pamoja na makanisa yake. Makanisa makubwa mawili ya zamani, Oude Kerk na Nieuwe Kerk, yakageuzwa. Altare zikaondolewa, sanamu zikatolewa, kuta zikabaki tupu.

Miaka saba baadaye, mwaka 1585, jeshi la Uhispania liliuteka mji wa Antwerp upande wa kusini. Maelfu ya Waprotestanti wakakimbilia kaskazini, wengi wao wafanyabiashara na mafundi stadi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Amsterdam ilipona kweli. Mji uliokuwa na watu takribani 30,000 ukapita 100,000 katika muda wa miaka 40 hivi. Watu hao wote walihitaji nyumba, masoko, malango, mifereji, na mahali pa kusalia.

Chanda chema huvikwa pete

Baba yake De Keyser alikuwa seremala wa samani mjini Utrecht. Kijana mwenyewe alikuwa mwanagenzi kwa Cornelis Bloemaert, fundi aliyekuwa na sifa ya uchongaji na ujenzi. Mwaka 1591 Bloemaert aliitwa Amsterdam kufanya kazi za mji, na mwanafunzi wake akafuatana naye. Mwaka huohuo De Keyser alioa binti kutoka Antwerp, mmoja wa wale waliokuja na wimbi la wakimbizi. Bloemaert baadaye alirudi Utrecht. De Keyser akabaki.

Mwaka 1595 mji ukamteua kuwa mwashi na mchongaji wake. Cheo hiki kinahitaji maelezo. Siku hizi tukisema msanifu wa majengo tunafikiria mtu aliyekaa ofisini, anayechora, kisha anamkabidhi mkandarasi. Amsterdam ya wakati ule haikuwa hivyo. Mji ulikuwa na idara yake ya ujenzi, yenye karakana, ghala za mbao na mawe, na mafundi wakuu walioajiriwa. Hendrick Staets aliongoza useremala, Cornelis Danckerts uashi wa matofali, na De Keyser mawe na uchongaji. Majengo yalitoka katika kushauriana kwao. Ndiyo maana katika baadhi ya kazi wataalamu bado wanabishana ni mkono wa nani hasa uliochora nini.

Lakini jambo moja halibishaniwi. Umbo la nje, nakshi za milango, vichwa vya nguzo na namna mnara unavyomalizika juu, hayo yalikuwa ya De Keyser. Alichukua mitindo ya Kiitalia iliyokuwa ikisambaa Ulaya kwa vitabu vya michoro, akaitia katika matofali mekundu ya Uholanzi na kuipamba kwa mawe meupe. Mchanganyiko huo wa wekundu na weupe ukawa sura ya Amsterdam.

Tukumbuke pia kuwa Amsterdam imekaa juu ya tope. Kabla ya kupandisha ukuta, mafundi walipigilia nguzo ndefu za mbao ardhini mpaka zikafika kwenye mchanga mgumu, kisha msingi ukakaa juu yake. Jengo likiwa zito kupita kiasi, linazama upande. Ndiyo sababu moja ya dari za makanisa hayo kutengenezwa kwa mbao badala ya mawe, na vilele vya minara kuwa vya mbao zilizofunikwa kwa risasi. Anayetazama kwa mbali hudhani ni jiwe tupu.

Tatizo la kanisa jipya

Kwa karne nyingi kanisa la Ulaya lilipangwa kufuata ibada ya Kikatoliki. Jengo lilikuwa refu, na mwisho wake upande wa mashariki ndiko ilikokuwa altare kuu, ambako padri aliadhimisha misa. Macho ya waumini yalielekea huko. Pembeni palikuwa na altare ndogo nyingi za watakatifu, na kulikuwa na njia ya maandamano.

Waprotestanti wa Kikalvini waliyaondoa yote hayo. Kwao kiini cha ibada kilikuwa kulisikiliza Neno. Mhubiri alipanda mimbari akasoma Biblia kwa lugha ya watu na kuifafanua, na mahubiri yaliweza kuwa marefu sana. Waumini waliimba zaburi. Ubatizo ulifanyika mbele ya wote, na Chakula cha Bwana kililiwa mezani. Hapakuwa na sanamu wala picha za kuheshimiwa.

Msomaji aliyezoea msikiti ataelewa upesi maana yake. Jengo lisilo na picha, lenye mimbari na kuta tupu, ambamo jambo kubwa ni watu wote wasikie, si kitu kigeni kwetu. Tofauti ni kwamba msikiti unaongozwa na kibla, na safu hujipanga kuelekea upande mmoja. Kanisa la Kikalvini halikuwa na upande mtakatifu. Mimbari ingeweza kuwekwa popote, mradi sauti ifike.

Hapo ndipo swali la mafundi lilipoanzia. Kama hakuna altare, ya nini jengo liwe refu? Kwa nini lisiwe la duara, au la pembe nane, au la msalaba wenye mikono iliyo sawa, watu wakamzunguka mhubiri? Katika mji mdogo wa Willemstad, kusini mwa Uholanzi, walikwisha kujaribu: kanisa la pembe nane lilijengwa huko kati ya 1597 na 1607, nalo huhesabiwa kuwa la kwanza nchini humo kujengwa tangu msingi kwa ajili ya Waprotestanti. Lakini Willemstad ilikuwa ngome ndogo. Amsterdam ilihitaji majengo ya maelfu ya watu, na wakuu wake walitaka pia makanisa yao yaonekane kuwa makanisa, yasije yakadhaniwa ni ghala.

Kanisa la Kusini: mguu mmoja nyuma, mmoja mbele

Jibu la kwanza la De Keyser lilikuwa Zuiderkerk, Kanisa la Kusini. Ujenzi ulianza mwaka 1603, na ibada ya kwanza ilifanyika Pentekoste ya mwaka 1611. Mnara ulikamilika mwaka 1614. Hilo ndilo kanisa la kwanza mjini Amsterdam lililojengwa mahususi kwa Waprotestanti.

Hapa fundi alikwenda kwa tahadhari. Alibaki na mpango wa zamani: jengo la mstatili, ukumbi mpana katikati, na ujia kila upande, vikigawanywa kwa safu mbili za nguzo. Mtu aliyezoea makanisa ya kale hakupotea humo. Lakini ile sehemu ya mwisho ya altare haikuwapo tena, na nguzo zilikuwa za mtindo wa Kirumi, nyofu, bila mapambo mengi.

Mwanzoni madirisha yalikuwa na vioo vya rangi. Mwaka 1658 vikatolewa, vikawekwa vioo visivyo na rangi ili mwanga uingie. Badiliko hilo linafundisha jambo. Watu wanaosali huku kila mmoja anafuata maandiko katika kitabu chake wanahitaji mwanga zaidi kuliko watu wanaotazama tendo linalofanyika mbali.

Mnara ndio ulioleta sifa. Chini ni matofali mazito ya mraba, kisha unapungua hatua kwa hatua, ngazi juu ya ngazi, na nguzo huru pembeni, mpaka unaishia kwenye kilele chembamba cha mbao kilichovikwa risasi. Kengele zilizotengenezwa na ndugu wawili wa ukoo wa Hemony, mafundi mashuhuri wa kengele, zilitiwa humo mwaka 1656. Mwaka 1874 Mfaransa Claude Monet aliuchora mnara huo ukiwa umesimama mwisho wa mfereji, na picha hiyo imezunguka dunia.

Soko, fedha, na mizinga ya Msumbiji

Makanisa hayo yalijengwa kwa fedha ya mji, na fedha ya mji ilitoka baharini. Mwaka 1602 wafanyabiashara wa Uholanzi waliunganisha mitaji yao wakaunda kampuni ya biashara ya Mashariki, inayojulikana kwa herufi VOC. Hisa zake ziliuzwa na kununuliwa Amsterdam, na wafanyabiashara wakataka mahali pa kukutania badala ya kusimama darajani na makanisani.

Kazi hiyo akapewa De Keyser. Mwaka 1607 alitumwa London kuliangalia soko la wafanyabiashara la huko, na mwaka 1608 akaanza kujenga la Amsterdam. Lilifunguliwa mwaka 1611, mwaka uleule wa ibada ya kwanza ya Zuiderkerk. Lilikuwa uwanja wa mstatili uliozungukwa na baraza yenye matao, nguzo zikiwa na namba ili kila aina ya biashara ijue mahali pake. Jengo hilo halipo tena. Lilibomolewa katika karne ya 19.

Si haki kuusifu mji huo na kunyamazia upande wa pili. Mwaka huohuo wa 1607, wakati De Keyser anapima matao London, manowari za VOC chini ya Paulus van Caerden zilikuwa zimeizingira ngome ya Wareno katika Kisiwa cha Msumbiji. Zilishindwa kuichukua. Kabla ya kuondoka zikauchoma mji. Mwaka uliofuata, 1608, manowari nyingine za Waholanzi zilirudi, nazo zikashindwa. Ugomvi ulikuwa wa Wazungu wawili wakigombea njia ya viungo. Waliochomewa makazi walikuwa watu wa pwani hii hii yetu ya Afrika Mashariki. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Kwa hiyo mtu anayeutazama uzuri wa majengo ya Amsterdam autazame akijua hesabu nzima. Mnara ni mzuri kweli, na fedha iliyoujenga ilitoka katika biashara ya aina hiyo.

Kaburi la Delft

Umaarufu wa De Keyser ulivuka mipaka ya mji. Mwaka 1614 Bunge la Uholanzi lilimpa kazi kubwa kuliko zote za uchongaji nchini: kaburi la William wa Orange, kiongozi wa uasi dhidi ya Uhispania, aliyeuawa kwa bastola mjini Delft mwaka 1584.

Kaburi hilo liko ndani ya Nieuwe Kerk ya Delft. William amechongwa mara mbili. Kwanza amelala katika marumaru kama maiti, mbwa wake akiwa miguuni. Pili ameketi, wa shaba, akiwa amevaa mavazi ya vita. Nyuma yake kuna malaika wa sifa anayepuliza tarumbeta. Waprotestanti waliokataa sanamu za watakatifu makanisani hawakuona vibaya kuweka sanamu ya kiongozi wao pale ambapo zamani palikuwa na altare kuu. Kila msomaji na aamue mwenyewe kama hapo pana mgongano. De Keyser hakuwahi kuiona kazi hiyo ikikamilika. Mwanawe Pieter ndiye aliyeimaliza mwaka 1623.

Mjini humohumo alibuni pia jumba la mji wa Delft baada ya la zamani kuungua mwaka 1618. Na mjini Rotterdam inasimama sanamu yake ya shaba ya mwanazuoni Erasmus, ya mwaka 1622, akiwa amesimama anasoma kitabu. Inahesabiwa kuwa sanamu ya shaba kongwe kuliko zote nchini Uholanzi.

Kaskazini kwa maskini, Magharibi kwa matajiri

Kuanzia mwaka 1613 Amsterdam ilipanuliwa. Mifereji mipya ilichimbwa kuuzunguka mji, na matajiri wakajenga majumba kandokando yake. Nje kidogo ya mifereji hiyo ulikua mtaa wa Jordaan, wenye vichochoro vyembamba, walikokaa mafundi, vibarua na wakimbizi wasio na mali. Mwaka 1620 makanisa mawili yakaanza kujengwa kwa pamoja, moja kaskazini na moja magharibi.

Noorderkerk, Kanisa la Kaskazini, lilikuwa la watu wa Jordaan. Hapa hatimaye De Keyser na wenzake waliuacha mpango wa zamani. Kanisa ni msalaba wenye mikono minne iliyo sawa, na pembe kati ya mikono zimejazwa vijumba vidogo. Katikati ya paa kuna mnara mdogo tu. Ndani, mimbari na viti vimepangwa hivi kwamba waumini wamemzunguka mhubiri, wala hakuna aliyekaa mbali sana naye. Hakuna mbele wala nyuma. Ibada ilianza humo mwaka 1623.

Kwa fundi ambaye miaka 17 kabla alikuwa bado anafuata umbo la wazee, hii ilikuwa hatua kubwa. Mpango huo uliigwa. Kanisa kama hilo lilijengwa mjini Groningen kati ya 1660 na 1665, na umbo la msalaba sawa likawa la kawaida kwa Waprotestanti wa kaskazini mwa Ulaya.

Westerkerk lilikuwa la mtaa wa matajiri, nalo lilitakiwa kuonekana. Lina urefu wa mita 58 na upana wa mita 29, na lilipomalizika lilikuwa miongoni mwa makanisa makubwa ya Kiprotestanti duniani. Akili ya mpango wake iko hapa: kwa mbali linaonekana refu kama makanisa ya kale, lakini ukilitazama kwa makini utaona ni kama misalaba miwili iliyo sawa imeunganishwa pamoja. Mikono miwili inayotokeza kila upande ina kimo kilekile cha ukumbi wa kati. Kwa hiyo De Keyser aliwapa wakuu wa mji fahari waliyoitaka, na akawapa waumini nafasi pana yenye mwanga ambamo mimbari inasikika.

Hakuiona siku ya ufunguzi. Alifariki tarehe 15 Mei 1621, siku ileile aliyotimiza miaka 56. Alizikwa Zuiderkerk, katika kanisa alilolijenga mwenyewe. Westerkerk lilimalizwa na wenzake na mwanawe Pieter, likafunguliwa Pentekoste ya mwaka 1631. Mnara ulikamilika mwaka 1638, na umbo lake la mwisho linatofautiana na mchoro wake wa kwanza.

Hata kinanda hakikuwamo mwanzoni. Wakalvini wa Uholanzi walibishana kwa muda mrefu kama ni halali kupiga kinanda katika ibada. Westerkerk lilipata cha kwake mwaka 1686, zaidi ya nusu karne baada ya kufunguliwa. Mabishano ya ala za muziki katika nyumba ya ibada, basi, si ya dini moja wala nchi moja.

Karakana iliyozaa mafundi

De Keyser hakuacha majengo tu. Wanawe Pieter na Willem walifuata kazi ya mawe, na Thomas akawa mchoraji wa picha za watu, mmoja wa waliotafutwa sana Amsterdam kabla Rembrandt hajawika. Kijana Mwingereza, Nicholas Stone, alifanya kazi katika karakana yake kwa miaka kadhaa, akamwoa binti yake mwaka 1613, kisha akarudi London na kuwa mmoja wa wachongaji wakuu wa nchi yake.

Mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake, mchoraji Salomon de Bray alisimamia kitabu kilichokusanya michoro ya majengo yake kwa jina la Architectura Moderna. Kilikuwa kitabu cha aina yake nchini Uholanzi: fundi wa mji kuandikiwa kitabu kizima juu ya kazi zake. Kwa kitabu hicho, mafundi wa nchi nyingine waliweza kuziona kazi zake bila kusafiri.

Sifa yake haikudumu bila kupingwa. Kizazi kilichofuata, kikiongozwa na Jacob van Campen, kilipenda majengo yaliyotulia, yenye vipimo vikali vya Kirumi, na kikaona nakshi za De Keyser zimezidi. Mitindo hubadilika. Majengo yakabaki.

Majengo hayo leo

Hatima ya makanisa matatu hayo imekuwa tofauti, na hapo pana somo.

Zuiderkerk liliacha kutumika kwa ibada mwaka 1929. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, njaa kali ilipoukumba mji chini ya uvamizi wa Wajerumani, maiti zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa kuzika, nazo zikalazwa humo. Jengo likachakaa, likafanyiwa marekebisho makubwa katika miaka ya 1970, na siku hizi ni ukumbi wa shughuli na mikutano. Mwashi aliyelijenga bado amezikwa humo. Kadhalika watoto watatu wa Rembrandt, aliyekuwa akiishi karibu.

Noorderkerk bado ni kanisa, na waumini wake bado wanakutana humo. Uwanja ulio mbele yake ndipo watu walipokusanyika tarehe 24 Februari 1941 kupanga mgomo wa kupinga Wajerumani kuwakamata Wayahudi wa Amsterdam. Siku iliyofuata mji ulisimama.

Westerkerk nalo lina ibada. Rembrandt alizikwa humo mwaka 1669, maskini, katika kaburi la kukodi ambalo mahali pake hasa hapajulikani tena. Karibu na kanisa hilo ndipo alipojificha msichana wa Kiyahudi Anne Frank, ambaye aliandika katika shajara yake kuhusu kengele za mnara huo. Na mwaka 1966 Beatrix, aliyekuja kuwa malkia, alibarikiwa ndoa yake humo.

Jina la mwashi nalo limepata kazi mpya. Mwaka 1918 ilianzishwa jumuiya ya kuhifadhi majengo ya kale, ikaitwa kwa jina la Hendrick de Keyser. Utaratibu wake ni mwepesi kueleweka: hununua nyumba ya thamani ya kihistoria, huitengeneza, kisha huipangisha ili watu wakae ndani, na kodi inasaidia matengenezo. Leo ina zaidi ya majengo 400. Anayeishi Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa mantiki yake. Nyumba ya mawe isiyo na mkaaji huingia maji, boriti huoza, na siku moja ghorofa hushuka. Nyumba inayokaliwa na kutunzwa huishi.

Hilo ndilo la kuchukua katika habari ya fundi huyu. Zuiderkerk, Noorderkerk na Westerkerk vilijengwa na mji mmoja, kwa mtindo wa karibu sana. Matofali ni yaleyale. Kilichotofautisha hatima yao ni watu: palipokuwa na wa kusali, kanisa lilibaki kanisa, walipopungua, kulihitajika wengine wa kulipatia jengo matumizi mapya lisianguke. Jamii inayojenga nyumba ya ibada leo inafanya vyema kujiuliza mapema nani atakayeitunza baada ya waliochanga fedha kuondoka, na ina utaratibu gani wa kulipia paa litakapovuja. De Keyser alifanya sehemu yake, akalazwa chini ya sakafu. Zilizobaki ni kazi za walio hai.